Jitu Lililosema kama Afande

Kipaza sauti walichonipa vijana wa kanisa kilinuka kutu, petroli na mate ya watu wengi. Shingo yake ilikuwa imezungushiwa kipande cha kitenge na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, kwa sababu bila hivyo kinapiga shoti. Nilikiweka juu ya meza karibu na kitanda changu, na kwa siku kadhaa nikawa najilaza nikikiangalia, kama mtu aliyelaza mgeni asiyemwamini. Kazi niliyoombwa ilikuwa ndogo. Watoto waliofika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miezi ile kutoka Kongo wangeonyeshwa katuni Jumamosi mchana. Katuni ilikuwa ya Kiingereza, na mimi ndiye msichana wa kijiji chetu aliyekuwa amemaliza chuo kikuu. Ningekaa kando ya televisheni nitafsiri, basi.

Lakini mimi ni mtu wa kuwaza. Naweza kusimama dukani nikichagua sabuni mpaka mwenye duka aniulize kama naumwa. Niliitazama ile katuni mapema kwenye kompyuta ya rafiki, nikaona kwamba katikati yake linatokea jitu kutoka ziwani, refu kuliko minara, linalovunja mji mzima kwa kupita tu. Tangu hapo usingizi ukanikimbia. Maneno ya jitu niliyaelewa yote. Nilichokuwa sijui ni kitu kimoja: nikishika kile kipaza sauti, jitu lile liseme kwa sauti ya nani?

Najua swali hilo linaonekana la kitoto. Ili mnielewe, inabidi niwapeleke kwenye banda la video la upande wetu, nikiwa na miaka kumi hivi.

Banda lile lilijengwa kwa fito za mikaratusi na kufunikwa maturubai meupe tuliyogawiwa tulipofika kambini. Mchana jua lilipopenya kwenye turubai, wote tuliokuwa ndani tuligeuka rangi ya maziwa. Nguo za akina mama zilinuka samaki wa kukausha, sisi watoto tulinuka jasho na vumbi, na nje jenereta ilikohoa kama mzee anayetaka aulizwe hali yake. Mchungaji wetu hakulipenda banda. Alisema humo watu wanajifunza kupiga risasi na kubusiana. Baada ya kuombwa sana akakubali kitu kimoja: Jumamosi mchana, katuni peke yake, na mtafsiri awe baba yangu.

Baba alikuwa amefundisha shule ya msingi kwenye vilima vya Fizi, huko Kongo, kabla hatujakimbia. Kambini alilima mahindi na maharage, akaongoza kwaya, na watu waliendelea kumwita Mwalimu. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alijua Kifaransa, na alijua kuangalia picha. Kila Jumamosi, akitoka kupalilia, alinawa miguu, akavaa shati la kwaya, akaenda kugeuka wafalme, wachawi na wanyama. Hakuna aliyelalamika kwamba anabuni. Huku Uganda kila banda lilikuwa na mtafsiri wake anayesema juu ya filamu, na watu walichagua banda kwa kumfuata mtafsiri kuliko kufuata filamu yenyewe. Kwetu aliyependwa alikuwa baba.

Kaseti zilikuwa chache, na moja tuliiona mpaka mkanda ukaanza kutoa mistari. Ilikuwa habari ya jitu lililotembea kutoka mji hadi mji likibomoa nyumba, na kila nyumba iliyobomoka iligandana na mwili wake. Begani lilikuwa na mapaa matatu. Mgongoni zilining'inia ngazi, madirisha, na mlango mmoja wa bluu uliokuwa ukifunguka na kujifunga wenyewe kila lilipopiga hatua. Kadiri lilivyobomoa ndivyo lilivyokua. Nilikuwa nikiuangalia ule mlango wa bluu nikijiuliza kama ndani yake kuna watu bado wamekaa, na kama wamekaa, wanakula nini.

Baba aliwagawia watu wa kwenye katuni sauti za watu tuliowajua. Mfalme alipewa kikohozi cha mchungaji, na mchungaji aliposikia habari hiyo akajifanya hakusikia. Bibi mmoja mwenye mbuzi alipewa sauti ya mama yangu akigombana na mteja. Jitu likapewa sauti ya wanajeshi wa Uganda. Tulipovuka mpaka, njiani kote tulikutana na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na mwanajeshi aliyesema Kiswahili chao kile cha jeshini, polepole, kutoka tumboni, neno moja moja, kama mtu anayeshusha magunia. Baba alikuwa amekibeba kile Kiswahili chote kichwani. Jitu likifika mbele ya mji, kabla halijainua mguu, lilisimama na kusema, "Wewe. Simama hapo. Unatoka wapi?"

Hapo ndipo zamu yetu ilipofika. Sijui nani alianza, ila baada ya Jumamosi chache ilikuwa kama sala. Watoto wote wa banda tulipiga matumbo yetu kwa viganja, pa, pa, tukajibu kwa sauti moja, "Tunatoka kwako, tumekula bugali yako, we tumbo!" Baba alingoja tumalize. Jitu likakasirika, likabomoa mji, na sisi tukacheka mpaka wengine wakatolewa nje wakajisaidie.

Nilijivunia baba kuliko kitu chochote. Nilikaa mbele kabisa, karibu na miguu yake, ili kila anayelitazama jitu anione na mimi.

Mama alikuwa akipeleka samaki wakavu Mbarara, na huko sokoni alipata mteja wa kudumu, mke wa sajenti mmoja wa kambi ya jeshi ya Makenke. Tutamwita Mama Kemi, kwa jina la binti yake. Walikuwa waumini wa Kiprotestanti kama sisi, na baada ya kununua samaki wengi na kusimuliana mengi, Mama Kemi akasema kwamba Kemi anatembea peke yake kwenda shule, na kwamba nyumba yao ina nafasi ya kitanda kimoja. Hivyo ndivyo nilivyopata shule ya Mbarara. Nyumbani watu walikuja kuniaga kama naenda Ulaya. Mama alinishika bega, akaniambia kwamba kulala kwa watu ni kulala na sikio wazi, na kwamba nikirudishwa, nafasi kama ile haitarudi tena kwetu.

Walikaa nyumba ya kupanga si mbali na kambi ya jeshi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka unaona miguu yako, na makochi yalivikwa vitambaa vya kufumwa. Ukutani palikuwa na picha ya baba mwenye nyumba akiwa na sare, mwanaume mpana kiasi kwamba picha ilimkata viwiko. Yeye mwenyewe alikuwa kazini mbali, angerudi baada ya wiki chache. Wote walimwita Afande, hata mke wake mbele za watu. Nilijifunza haraka. Nilijifunza kupiga magoti nikisalimia wakubwa, kunywa maziwa bila kuacha povu mdomoni, na kutosugua sufuria kwa mchanga. Kemi alikuwa mcheshi, akinifundisha Kinyankole kwa kunicheka. Kila usiku niliwaza makosa yangu ya mchana, na nikiyakosa niliyatunga.

Afande alirudi jioni moja, tukiwa tunapakua. Alioga, akavaa kanzu ya nyumbani, akaketi mwisho wa meza, na kiti kikalia chini yake. Nilipiga magoti, nikasalimia vizuri, nikaketi mahali pangu nikiangalia sahani. Posho, ndivyo wanavyoita ugali huku, ilikuwa ya moto, na maharage yalikuwa na samli. Nilikuwa nimeshakula tonge mbili. Aliniangalia, na nadhani aliniangalia kwa wema tu, kama mtu anayetaka kumjua mtoto mgeni. Kisha ile sauti, ile ile, ikatoka tumboni mwake, neno moja moja.

"Wewe. Unatoka wapi?"

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba nilifikiri kwanza. Mimi ninayefikiria kila kitu, siku ile sikufikiri. Mikono yangu ilijiinua yenyewe, ikapiga tumbo, pa, pa, na mdomo wangu, ukiwa bado na posho, ukasema kwa nguvu zote za banda la video, "Tunatoka kwako, tumekula bugali yako, we tumbo!"

Bado naisikia ile meza. Kijiko cha Kemi kiligonga sahani mara moja, kikanyamaza. Mama Kemi alikuwa ameshika bakuli la maharage, akaliweka chini taratibu, kama bakuli limejaa pomoni. Nikamwona Afande akitazama tumbo lake, kisha sahani yangu, iliyokuwa na chakula chake, kisha mimi. Masikio yangu yaliwaka. Nilitamani ile sakafu nyekundu ifunguke.

Akaniuliza ni nani aliyenifundisha maneno yale. Mtoto mwingine angedanganya, au angelia. Mimi nikiogopa huwa naeleza, na nikianza kueleza siachi kitu. Nikamweleza banda, kaseti, mchungaji na kikohozi chake. Nikamweleza jitu na mapaa begani, nikamweleza kwamba baba yangu ndiye jitu, na kwamba jitu linasema kama yeye Afande, sawasawa kabisa. Hilo la mwisho nililisema kama sifa. Kemi alikuwa ameinama chini ya meza, na kutoka huko nilisikia kicheko kikibanwa na mkono. Mama yake akamwambia kitu kwa Kinyankole, kicheko kikakatika.

Afande alikula tonge lake akalimaliza. Kisha akasema kwamba Jumamosi ana nafasi, na kwamba angependa kuliona hilo jitu.

Siku zilizofuata sikuelewa kitu shuleni. Kila asubuhi nilikunja nguo zangu na kuzipanga kwenye mfuko, ili nikifukuzwa nisiwacheleweshe watu. Kichwani nilimwona baba akichukuliwa. Nilimwona akifungwa pingu akiwa na shati la kwaya. Kisha nikamwona akisamehewa, lakini mimi nikibaki kijijini nikichota maji, na wasichana waliokuja kuniaga wakiniangalia. Sikuwa na njia ya kumtumia baba habari. Nikajiambia kwamba labda gari litaharibika, au mvua itanyesha, au jenereta itakosa mafuta.

Hayakutokea. Tulikwenda na Afande, Kemi na mimi. Alikuwa amevaa shati la mistari kama mtu yeyote, lakini mtu aliyekaa jeshini haingii banda kama mtu yeyote. Watu walisogea bila kuombwa. Alikaa kwenye benchi la mbele, mimi kushoto kwake, Kemi kulia, na fito za benchi zikalalamika. Baba alikuwa ameshika kipaza sauti, katikati ya sauti ya bibi mwenye mbuzi. Akaniona, uso wake ukafunguka kwa furaha. Halafu akamwona niliyekaa naye. Sauti ya bibi ikapanda ikawa nyembamba, lakini akaimaliza.

Nilijua kaseti ile kwa moyo. Nilijua kwamba baada ya bibi kuna vumbi kwenye mlima, baada ya vumbi kuna ndege wanaoruka, na baada ya ndege ni jitu. Vumbi likatokea. Baba akaniangalia, akitaka nimwambie kitu. Mimi nikatikisa kichwa, kidogo sana, lakini alikuwa baba yangu, aliona. Nilimaanisha: si sauti ile, leo si ile. Nilichotaka mimi ni kitanda changu cha Mbarara na shule yangu tu.

Ndege wakaruka. Jitu likasimama mbele ya mji, mlango wa bluu ukafunguka na kujifunga mgongoni, mdomo wake ukaanza kucheza, na baba hakuwa na sauti ya kulipatia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiogopa tangu tufike Uganda, na nilipomwona, niliona aibu kwa ajili yake, aibu ya moto, kana kwamba amevuliwa shati mbele ya watu wote. Mdomo wa jitu ulikuwa unakwenda, na watoto wamekwisha kuinua viganja wakingoja. Basi mdomo wa baba ukachukua sauti iliyokuwa karibu.

Ilikuwa sauti ya kwetu. Ilikuwa Kiswahili chetu cha Fizi, cha kawaida, cha upole hata, cha mwanaume kijana anayemwita mama mmoja kwa heshima na kumwomba afungue mlango. Hakupaza. Alisema tu afungue, kwamba wao ni watoto wa nyumbani, kwamba hawatakawia.

Mimi nilikuwa mdogo mno tulipokimbia. Niliambiwa kwamba nililala njia nzima. Lakini sauti ile ilipotoka, miguu yangu ilijikunja yenyewe juu ya benchi. Viganja vya watoto wakubwa vilishuka. Nyuma yangu mtoto mmoja alianza kulia kilio kisicho na sauti, kile cha kuvuta pumzi tu. Akina mama wakaanza kusimama, wakiwabeba watoto na kuwaziba masikio, na mmoja wao, jirani yetu, mtu aliyempenda sana baba, akasema bila kupiga kelele, "Mwalimu, bale batu unabaleta mpaka huku?" Alimaanisha wale waliotukimbiza kwetu.

Baba akateremsha kipaza sauti. Jitu likaendelea kubomoa mji bila neno, kwa ule muziki wake tu na milio ya mbao. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Afande hakujua Kiswahili cha Fizi vizuri, na habari zetu hakuzijua. Lakini aligeuka, akawaangalia wale akina mama na wale watoto, kwa muda mrefu. Kisha akasimama. Nikafikiri, sasa. Kivuli chake kilifunika nusu ya televisheni.

"Mwalimu," alisema, "hiyo sauti, hapana. Watoto naogopa. Rudisha ile ya mimi."

Baba akamwomba radhi, akisema hakuwa na maana mbaya, kwamba ni mchezo wa watoto.

"Rudisha," Afande akasema. "Mimi iko na mgongo. Mimi nabeba."

Akaketi. Mwenye banda akarudisha mkanda nyuma, jitu likatembea kinyumenyume, nyumba zikasimama tena zenyewe, ndege wakarudi mlimani. Akina mama walisimama mlangoni, hawatoki wala hawaingii. Baba akakohoa. Jitu likafika, na kwa sauti iliyokwaruza likasema lile neno lake, wewe, simama hapo, unatoka wapi. Hakuna aliyejibu. Mtoto yule alikuwa bado anavuta pumzi. Jitu likaanza kuinua mguu, na ndipo mwanaume yule mpana, sajenti wa Makenke, akapiga tumbo lake mwenyewe kwa viganja viwili. Pa, pa. Lilikuwa tumbo kubwa, na mlio wake ulikuwa mzuri kuliko wetu wote. Mtu akacheka. Kisha banda zima likajibu.

Mtu mwingine angemalizia hapa, na kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii niliimalizia hapa, watu wakafurahi. Lakini tulirudi Mbarara jioni ile tukiwa nyuma ya lori la mahindi, na Afande hakucheka njia nzima. Alikuwa ameegemea magunia, akitazama barabara tuliyoiacha. Kemi alijaribu kuiga jitu, naye akamwambia anyamaze, si kwa hasira, kwa uchovu. Hakunifukuza. Nilikaa nyumbani kwake mpaka nikamaliza sekondari, na ada ya muhula ilipopungua, aliongeza. Lakini tangu siku ile alibadilisha kitu kimoja. Akizungumza na mke wake, au na Kemi, au na wenzake waliokuja kunywa chai, sauti yake ilikuwa ile ile ya tumboni. Akigeuka kusema na mimi aliipunguza. Aliipunguza mpaka ikawa kama ya mtu anayesema karibu na mtoto mchanga aliyelala. Na hakuniuliza tena, hata mara moja, ninatoka wapi.

Hilo ndilo linaloniumiza. Mwanaume alipunguza sauti ndani ya nyumba aliyoilipia kodi, kwenye meza yake, kwa sababu ya mtoto wa wageni. Mimi nilikuwa nikijibu "ndiyo, Afande" kwa sauti ndogo vilevile, na Kemi akasema tunafanana na watu wawili wanaoibiana kitu. Nilitaka kumwambia asipunguze. Kila jioni nilipanga sentensi nzima, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, baadaye kwa Kinyankole, na kila jioni niliona kasoro kwenye sentensi. Sasa amestaafu, anafuga ng'ombe upande wa Bwizibwera na kupeleka maziwa asubuhi. Nikimpigia simu kumsalimia, husikia anavyowafokea ndama, kisha ananiita kwa jina langu, "Mapendo, mwanangu," kwa ile sauti ya chini.

Kuhusu baba, nilidhani kwa miaka mingi kwamba alichagua sauti ya wanajeshi ili kuwacheka. Niliona haya kwamba tuliwafanyia mchezo watu waliotufungulia njia. Baadaye koo lake likapata uvimbe, akafanyiwa upasuaji hospitali ya Ruharo, ukafanikiwa, ila sauti haikurudi. Siku hizi ananong'ona tu. Wiki ile ya kipaza sauti nilikwenda shambani kumuuliza, hatimaye, jitu liseme kwa sauti ya nani. Alikuwa akipukuchua maharage. Alinong'ona nikiwa nimeinama karibu na mdomo wake.

"Yule askari wa barabarani alikuwa anauliza," alisema. "Akiisha kuuliza, anangojea umujibu. Bale bengine habakuuliza kitu."

Akaendelea na maharage yake. Hakuniambia nichague nini.

Basi ndivyo nilivyoelewa, nikiwa na shahada yangu mkobani na maganda ya maharage miguuni. Baba alihitaji jitu ambalo mtoto anaweza kulijibu. Lile la kweli halikujibika, na lilisema kama yeye, kama mama, kama mimi. Hakuweza kuliweka ndani ya banda. Akaenda akaazima sauti ya mtu ambaye hakuwa ametukosea chochote, kwa sababu ndiyo sauti ya kutisha pekee aliyoijua ambayo ilikuwa na nafasi ya jibu. Mwenye sauti aliishia kuibeba. Na kwa kuwa alikubali kuibeba, mimi sikuwa na haki ya kumtwika tena, mbele ya watoto wengine, yeye hayupo. Nilikwisha kuchukua simu mara kadhaa kumwomba ruhusa. Ningeomba, angekubali. Ndiyo maana sikuomba.

Jumamosi nilifika mapema. Siku hizi tunatumia ukumbi wa kanisa, wa matofali, na umeme wa jua. Watoto walikuwa wameketi chini kwa mistari, wengi wao bado na nguo za kugawiwa zenye mikunjo, wakinyamaza vile wanavyonyamaza watoto waliofundishwa kunyamaza njiani. Baba alikaa mwisho kabisa. Nilitafsiri mfalme, nikatafsiri wavuvi, hakuna aliyecheka sana. Kisha maji ya ziwa yakaanza kuchemka, na jitu likatoka, likamwaga maji mabegani, likafika kwenye nyumba ya kwanza na kuinua mguu. Watoto wa mbele wakaanza kurudi nyuma kwa makalio.

Nilichagua sauti yangu. Sauti ninayosema nayo dukani na kwenye usaili wa kazi, hii hii yenye kigugumizi cha mtu asiyejiamini. "Samahani," jitu likasema. "Hodi hapo. Nilikuwa nauliza, kuna watu humu ndani? Au nipite upande huu? Au nipite upande ule? Maana nimewaza tangu jana, nimeona upande huu kuna matope, na upande ule kuna mbwa, na nikipita katikati, sijui nyie mtasemaje."

Nikangoja. Jasho lilinitoka mgongoni. Kwenye televisheni mguu wa jitu ulikuwa hewani, na mwenye mashine, kijana wa kanisa aliyenielewa, akausimamisha hapo hapo. Nikawaza kwamba nimekosea, kwamba nimewatisha, kwamba ningewaachia Kiingereza chao wakatazama picha. Kisha msichana mmoja mstari wa pili, mwenye kilemba cha mama yake, akasimama akashika kiuno.

"Weye jitu," akasema, "unawaza nini na mguu iko juu?"

Ukumbi ukacheka. Walinicheka mimi, waliniangalia mimi kabisa, si televisheni, na nilihisi masikio yangu yakiwaka kama zamani. Niliweka kipaza sauti karibu na mdomo na nikamjibu ukweli, kwamba sijui, anisaidie. Akaniambia niuteremshe mguu, nitachoka. Wengine wakaanza kupaza sauti, pita huku, pita kule, kwanza kaoge. Nikawaacha waseme wote mpaka mwisho, ndipo nikamwambia mwenye mashine aendelee.